Lenzi ya kupigia picha za michezo: mambo ya kujua kabla hujatoa pesa

Kila mashindano yanapokaribia, yawe ni mpira wa mtaani, mbio za punda kule Lamu au mashindano ya majahazi, vijana wetu wapiga picha huniuliza swali moja: "Ninunue lenzi gani ya kuvuta mbali, nami nisifilisike?" Nimelijibu mara nyingi kwa simu na barazani. Leo naliandika, kwa sababu pesa inayozungumzwa hapa si ndogo. Kwa kijana anayeanza, lenzi moja yaweza kumeza akiba ya mwaka mzima, na akichagua vibaya atabaki na chombo ambacho hakimpi picha wala hakimrudishii mtaji wake.

Jibu langu kwa ufupi: kwa picha za mchezo, lipia mwanga kwanza, umbali baadaye. Na kwa mfuko wa kawaida, lenzi iliyokwisha tumika, ya tundu kubwa, iliyokaguliwa vizuri, ni bora kuliko mpya ya tundu dogo. Sababu zangu ni hizi.

Nambari mbili za kusoma

Ubavuni mwa lenzi, au kwenye duara lake la mbele, utakuta nambari za aina mbili. Ya kwanza ni ya umbali, mfano 70-200mm au 75-300mm. Ya pili ni ya ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, mfano f/2.8 au f/4-5.6. Hii ya pili husomwa kinyume: nambari ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi iliyoandikwa f/4-5.6 tundu lake hupungua kadiri unavyovuta mbali, hata ukifika mwisho linabaki f/5.6.

Muuzaji atakusomea nambari ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayovutia. Mia tatu ni zaidi ya mia mbili, basi mnunuzi huona amepata faida. Lakini kutoka f/5.6 kwenda f/4 mwanga huongezeka maradufu, na kutoka f/4 kwenda f/2.8 huongezeka maradufu tena. Kwa hiyo lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6.

Tuseme ni jioni, na kwa f/5.6 kamera yako, ISO ikiwa 6400, inakupa kasi ya shata ya 1/250. Mchezaji anayekimbia atatoka na miguu iliyovurugika. Kwa lenzi ya f/2.8, mwanga ule ule na ISO ile ile, unapata 1/1000, na mpira unasimama hewani. Au ubaki na 1/500 na ushushe ISO hadi 3200, chengachenga zipungue. Mchezo wa mpira huutaka shata usiopungua 1/500, na 1/1000 ni bora zaidi.

Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi popote kwenye lenzi. Kamera zenye kioo ndani, yaani DSLR, hutafuta fokasi tundu likiwa wazi kabisa. Lenzi ya f/2.8 huipa kamera mwanga mwingi wa kuonea, na hivyo hushika mlengwa upesi jioni pale lenzi ya f/5.6 inapoanza kwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu anayepapasa gizani.

Mwanga wa kwetu

Sisi tuko karibu na ikweta. Mombasa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Mechi nyingi za mitaa huanza saa kumi alasiri, kwa hiyo kipindi cha pili, ambapo ndipo bao la ushindi huingia na vurugu za furaha hutokea, huchezwa jua likiwa limeinama au limefichwa na minazi na majengo. Mechi za usiku za Ramadhani huchezwa chini ya taa ambazo mara nyingi hazitoshi. Hapo ndipo f/2.8 hulipa gharama yake.

Kwa upande mwingine, kuna kazi zisizohitaji lenzi ghali. Majahazi hushindana mchana, baharini, jua kali. Mwanga wa namna hiyo, ISO ikiwa 200 tu na tundu f/5.6, hukupa shata ya karibu 1/1600. Ukiwa kazi yako yote ni vyombo vya baharini mchana, ile 75-300mm ya f/4-5.6 inayouzwa ndani ya boksi moja na kamera itakufaa, na ule urefu wa ziada utausaidia mkono wako kuufikia mkondo ulio mbali. Baki na pesa yako. Swali la kujiuliza kabla ya kwenda dukani ni: mimi hupiga picha saa ngapi?

Mia mbili inatosha?

Wengi huogopa kwamba 200mm ni fupi. Kamera nyingi za vijana wetu zina sensa ndogo, ambayo huikata picha. Kwenye Nikon za aina hiyo, 200mm huonekana kama 300mm. Kwenye Canon, kama 320mm. Ukikaa karibu na kibendera cha kona na kuishika kamera wima, mchezaji aliye mita 25 kutoka kwako huijaza fremu vizuri, ukiacha nafasi kidogo juu ya kichwa. Yaani sehemu ya karibu ya eneo la adhabu ni yako. Kilicho upande wa pili wa uwanja kiache. Hata 300mm haitakuletea picha ya maana kutoka huko, hasa vumbi likiwa jingi.

Ukihitaji zaidi siku moja moja, kuna kipande cha kurefusha, kikiwa kinaoana na lenzi yako. Cha 1.4 huigeuza 200mm f/2.8 kuwa 280mm f/4. Cha 2 huigeuza kuwa 400mm f/5.6, lakini hapo umeupoteza ule mwanga uliolipia.

Jambo jingine linalowapotosha watu ni kitulizi cha mtikisiko, kile kinachoandikwa IS, VR, OS au VC kulingana na kampuni. Kitulizi huutuliza mkono wako. Hakimtulizi punda anayekimbia. Kwa michezo, ambapo shata iko 1/500 au zaidi, manufaa yake ni madogo, nacho ndicho kinachopandisha bei. Anayetaka kubana matumizi aanze kukiacha hicho.

Lenzi zenyewe

Lenzi mpya za kampuni kubwa ziko juu sana. Canon EF 70-200mm f/2.8L IS III ilitoka mwaka 2018 kwa dola 2,099 huko Marekani. Ya Nikon iliyotoka 2016, yenye herufi FL katika jina lake, ilikuwa takriban dola 2,800. Hapo bado usafiri na ushuru. Kwa hiyo tutafute kwingine.

Kwa mwenye Canon ya DSLR, pendekezo langu la kwanza ni EF 70-200mm f/2.8L ya mwaka 1995, ile isiyo na kitulizi. Ina uzito wa gramu 1,310, fokasi yake ni ya kasi na kimya, na umri wake umeishusha bei. Akihamia kamera za Canon EOS R zisizo na kioo, lenzi hiyo itamfuata kwa adapta ya Canon bila kupoteza fokasi.

Kwa mwenye Nikon, tahadhari. Kuna AF 80-200mm f/2.8D, imara na ya bei nafuu, lakini haina mota ndani. Hutegemea mota ya kamera. Kamera za D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600 hazina mota hiyo, na kwao lenzi hii haitajifokasi kabisa. D90, D7000, D7100, D7200 na D750 zinayo. Kwenye kamera za Nikon Z pia, adapta ya FTZ haiiendeshi fokasi ya lenzi za aina hii. Kwa hiyo mwenye D3500 atafute lenzi yenye mota yake mwenyewe, iwe AF-S ya Nikon au ya kampuni nyingine.

Tamron wana tatu za kutofautisha. Ya mwaka 2008 hutoa picha kali na bei yake iko chini, ila mota yake ni ya polepole. Yafaa harusi kuliko mpira. Ya 2012, yenye VC na USD, ni hatua kubwa mbele. Ya 2017, iitwayo G2, ni bora zaidi. Ilitoka kwa dola 1,299. Sigma 70-200mm f/2.8 EX DG OS HSM ya mwaka 2010 nayo ni chaguo zuri. Ila lenzi za Sigma za enzi za filamu uzikwepe ukiwa na Canon ya kidijitali, kwani baadhi huleta ujumbe wa hitilafu tundu linapobanwa.

Mwenye Sony isiyo na kioo aitazame Tamron 70-180mm f/2.8 ya mwaka 2020. Ina gramu 810 tu, na ilitoka kwa dola 1,199.

Kuvu, adui wa Pwani

Hapa ndipo mnunuzi wa Pwani anapotofautiana na wa Nairobi. Unyevu wetu huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazotambaa juu ya kioo. Zikiachwa, hula ule mpako wa juu ya kioo, na alama haitoki hata lenzi ikisafishwa. Kabla ya kulipa, fanya haya:

Fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, na uchungulie kutoka mbele kwa pembe tofauti. Vumbi kidogo si hoja. Nyuzi, madoa yenye matawi au weupe kama mvuke, rudisha lenzi kwa mwenyewe.

Zungusha ringi ya zumu taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukisikia mkwaruzo, kuna mchanga ndani.

Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, si ya muuzaji. Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kumi mfululizo. Mota inayolia au kusitasita inakaribia mwisho wake.

Tandaza gazeti juu ya meza, simama upande, vuta hadi 200mm, fungua f/2.8, ulenge mstari mmoja na upige. Ikuze picha kwenye skrini. Mstari ulioulenga ndio uwe mkali, si wa mbele yake wala wa nyuma yake.

Mwisho, omba risiti ya awali au muandikiane karatasi yenye nambari ya lenzi. Na usitume pesa kwa simu, hata kianzio, kabla lenzi haijawa mkononi mwako.

Ukishainunua, usiifungie kabatini ndani ya mkoba wa ngozi. Iweke kwenye kopo la plastiki linaloziba vizuri, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, uvibadilishe vikishalowa. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache lenzi ndani ya mkoba kwa nusu saa kabla ya kuitoa nje, la sivyo vioo vitatokwa jasho. Ukirudi kutoka baharini, ifute chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Na itumie. Kuvu hupenda giza na chombo kilichosahauliwa.

Mfuko ukigoma

Wasioweza kufika f/2.8 ya zumu wana njia tatu. Ya kwanza ni 85mm f/1.8, lenzi ndogo isiyovuta, inayoingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Kwa mpira wa kikapu au voliboli ya ukumbini, ambako mchezo uko karibu nawe, ni silaha kubwa kwa pesa kidogo. Ya pili ni kukodi lenzi kwa siku ya fainali, ambayo pia ni njia ya kuijaribu kabla ya kununua.

Ya tatu ndiyo ninayoipigia debe zaidi. Wavuvi wetu huchangiana chombo na nyavu, wakagawana mapato kwa hesabu inayojulikana. Wapiga picha watatu wa mtaa mmoja, wenye kamera za kampuni moja, wanaweza kumiliki lenzi moja vivyo hivyo. Waandikiane mapema nani anaichukua siku gani, nani anaitunza, na ikianguka nani analipa. Mechi nyingi ni za mwisho wa wiki, lakini si zote huangukia siku moja.

Wazee walisema vyaelea vimeundwa. Picha nyingi nzuri za majahazi na punda wetu zinazozunguka duniani zimepigwa na wageni waliokuja na lenzi nzito na kuondoka nazo. Mgeni hukaa siku tatu. Kijana wa hapa ndiye anayeijua saa ya maji kujaa, anajua nahodha gani hugeuza tanga kwa ghafla, na anajua mshambuliaji gani hupenda kukata kulia. Ujuzi huo haununuliki dukani. Kilichobaki ni chombo cha mkono wa pili, kisicho na kuvu, kinachooana na kamera aliyo nayo.