Tofali, Mwali na Dosari: Historia ya Picha za Kompyuta za Matofali ya Kuchezea

Mtu akitazama picha ya nyumba ndogo iliyojengwa kwa matofali ya plastiki ya watoto, akaona vinundu vinang'aa, kivuli kimelala mezani, na wekundu wa ukuta umetia haya kidogo katika weupe wa sakafu, atasema bila kusita kwamba hiyo ni picha iliyopigwa kwa kamera. Siku hizi huenda amekosea. Huenda nyumba hiyo haijapata kushikwa na mkono wa mtu, na yote aionayo ni hesabu iliyofanywa na kompyuta.

Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi jinsi hesabu hiyo ilivyopatikana. Jambo hili lawahusu walimu wa lugha kuliko linavyoonekana kwa nje, kwani historia yake ni historia ya kueleza. Kompyuta haijui lolote ila lile iliyoambiwa. Kila hatua kubwa katika kazi hii ilipigwa pale mtu alipotambua kitu ambacho jicho lilikuwa likikiona siku zote, lakini maelezo yalikuwa hayajakitaja.

Tofali na kipimo chake

Yafaa tuanze na tofali lenyewe. Mwaka 1932 seremala mmoja wa mji mdogo wa Billund, nchini Denmark, aitwaye Ole Kirk Kristiansen, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Mwaka 1934 aliipa kazi yake jina la LEGO, lililotokana na maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Matofali ya plastiki yalianza kutolewa mwaka 1949, lakini hayakushikana barabara. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred Kirk Christiansen, aliomba haki ya kulinda uvumbuzi mpya: vinundu juu ya tofali na mirija ndani yake, ili tofali la juu liling'ang'anie la chini.

Tangu hapo vipimo havikubadilika. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinundu cha pili ni milimita 8, na kimo cha tofali bila kinundu chake ni milimita 9.6. Uthabiti huo ndio uliozaa utajiri wa mchezo wenyewe. Matofali sita tu ya rangi moja, kila moja lenye vinundu 2 kwa 4, yaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Tena ndio uliolifanya tofali kuwa kitu chepesi kuelezwa kwa tarakimu: ukishalieleza tofali moja umeyaeleza yote ya aina yake, na kinachobaki ni kusema kila moja limewekwa wapi.

Safari ya mwali

Hata hivyo, umbo peke yake si picha. Picha ni nuru, na habari ya nuru ina ukoo mrefu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi yake Cairo, aliandika katika Kitab al-Manazir akiipinga rai ya baadhi ya wanafalsafa wa Kiyunani waliodhani kuwa jicho hutoa miale iendayo kugusa vitu. Alionyesha kwamba nuru hutoka kwenye kitu kiangazacho, hugonga vitu vingine, kisha ndipo hulifikia jicho.

Mwaka 1525 mchoraji wa Kijerumani Albrecht Dürer alichapisha kitabu cha vipimo chenye picha ya watu wawili wakichora kinanda cha nyuzi kwa msaada wa uzi. Uzi umefungwa ukutani, mahali panaposimama badala ya jicho, ukapitishwa katika fremu na kufikishwa kwenye kinanda. Pale uzi unapoikata fremu ndipo panapotiwa nukta. Nukta zikiwa nyingi, picha ya kinanda hutokea.

Waliokuja kufanya kazi hiyo kwa kompyuta walifuata uzi wa Dürer. Taa hutoa miale isiyo na idadi, lakini ni michache mno inayoingia jichoni, na kuihesabu yote ni kupoteza wakati. Basi kompyuta huanza safari kinyumenyume: hutuma mwali kutoka jichoni, ukapita katika kila nukta ya picha, ukaenda hadi ukagonga kitu. Hivyo rai ile ya kale, iliyokataliwa kama habari ya macho, ilirudi kuwa njia nzuri ya kufanyia hesabu, maana nuru hufuata njia ile ile iwe inakwenda au inarudi.

Mwaka 1968 Arthur Appel wa kampuni ya IBM alieleza jinsi ya kuuliza, kila mwali unapogonga kitu, kama mahali hapo panaiona taa au pamezuiwa na kitu kingine. Kwa swali hilo kivuli kikapatikana. Kisha Turner Whitted, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, aliandika makala iliyochapishwa mwaka 1980, akaongeza swali la pili: mwali ukigonga kioo au kitu king'aacho, unaelekea wapi? Akauacha mwali uzae miale mingine, mmoja wa kuakisiwa na mmoja wa kupenya. Picha yake ya matufe mawili juu ya sakafu ya mirabaraba iliichukua kompyuta ya siku zile dakika 74. Watu waliiona kuwa ajabu, kwani kwa mara ya kwanza vitu vya ndani ya kompyuta vilionana.

Kamusi ya Jessiman

Wakati huo hakuna aliyefikiria tofali la watoto. Aliyelifikiria alikuwa James Jessiman wa Australia, ambaye mwaka 1995 alitoa bure programu aliyoiita LDraw. Picha zake zilikuwa za kawaida tu. Thamani yake ilikuwa katika lugha aliyoibuni, ambayo kila mstari wake ni sentensi moja. Tuutazame mstari huu:

1 4 0 0 0 1 0 0 0 1 0 0 0 1 3001.dat

Tarakimu ya kwanza ni kitenzi. Yasema "weka kipande". Ya pili ni sifa: 4 ni rangi nyekundu. Tatu zifuatazo zataja mahali, na tisa baada yake zataja namna kipande kilivyogeuzwa. Mwisho huja jina: 3001 ni tofali lenye vinundu 2 kwa 4. Ili kuepuka desimali nyingi, Jessiman alichagua kipimo kidogo cha milimita 0.4, hata nafasi ya kinundu hadi kinundu ikawa 20 kamili, na kimo cha tofali 24.

Kila kipande nacho kimeelezwa katika faili lake kwa mistari, pembetatu na pembenne. Kinundu kimeelezwa mara moja tu, kisha hutajwa kila kinapohitajika, kama mzizi wa neno unavyoingia katika maneno mengi.

Jessiman alifariki mwaka 1997 angali kijana. Kazi yake ingeweza kuzikwa naye, kama zilivyozikwa kazi nyingi za watu waliofanya peke yao. Haikuzikwa, kwa sababu alikuwa ameacha lugha iliyo wazi, ambayo yeyote aliyeijua aliweza kuiongezea maneno. Wapenzi wa matofali wa nchi mbalimbali walijikusanya, wakaendelea kueleza vipande vipya kimoja kimoja. Hadi leo, kipande kilichoandikwa na mtu mmoja hukaguliwa na wengine kabla ya kukubaliwa rasmi. Walimu wa Kiswahili, tunaojua taabu ya kusanifisha lugha na kukubaliana juu ya istilahi, hatuhitaji kuelezwa uzito wa kazi hiyo.

Ukuta uliokosa nyufa

Upande wa nuru nao ulikuwa umepata watu wa namna hiyo hiyo. David Buck alikuwa ameandika programu ya kufuatisha miale na kuigawa bure. Mwaka 1991 kundi la watu waliojitolea liliichukua na kuikuza, ikawa POV-Ray. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Lars Hassing wa Denmark aliandika programu iitwayo L3P, ambayo kazi yake ni kufasiri: huyachukua maandishi ya LDraw na kuyaandika upya kwa lugha ya POV-Ray. Kwa tafsiri hiyo kamusi ya tofali na elimu ya mwali vilikutana.

Picha zikatoka, zina vivuli na mng'ao, lakini jicho halikuziamini. Ukuta wa matofali mia ulionekana kama ubao mmoja uliopakwa rangi. Kosa halikuwa katika hesabu, bali katika maelezo. Tofali la kweli lenye vinundu viwili halina upana wa milimita 16 kamili, lina 15.8 hivi, ili liweze kuingia na kutoka kati ya wenzake. Mwanya huo mwembamba kama unywele ndio unaoliambia jicho kwamba hapa limekwisha tofali moja na lingine limeanza. Katika LDraw matofali yalikuwa yamejazana bila mwanya. Basi L3P ikapewa uwezo wa kulipunguza kila tofali kidogo, na ukuta ukawa ukuta.

Kadhalika kingo. Katika maelezo ya awali ukingo wa tofali ulikuwa mkali kuliko wembe, na hakuna kitu cha kiwandani chenye ukingo wa namna hiyo. Ukingo wa plastiki umeviringika kidogo, na mviringo huo hudaka nuru, ukaonyesha mstari mwembamba unaong'aa. Wapo waliokaa wakaandika upya mamia ya vipande ili kuviviringisha kingo na kuchora jina la kampuni juu ya kila kinundu.

Kisha ikaja habari ya rangi. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walikuwa wameonyesha, kwa kisanduku chenye kuta za rangi, kwamba ukuta huambukiza rangi yake vitu vilivyo karibu. Mwaka 1986 James Kajiya wa Marekani akaandika mlinganyo mmoja unaokusanya safari zote za nuru, pamoja na njia ya kuukadiria kwa kutuma miale mingi ya kubahatisha. Njia hiyo ni ya haki lakini ni ya polepole: miale ikiwa michache picha hujaa chenga, kama televisheni iliyokosa mawimbi. Ilibidi kungoja kompyuta zenye nguvu ndipo iwafikie watu wa kawaida. Mwaka 2002 programu ya Blender ilikombolewa kutoka kwa wenye mali kwa michango ya umma ya euro 100,000, na mwaka 2011 ikapata sehemu iitwayo Cycles, inayofuata njia ya Kajiya. Sehemu hiyo ndiyo iliyotumiwa baadaye kutolea picha katika Studio, programu ya kujengea matofali ya BrickLink, soko ambalo kampuni ya LEGO ililinunua mwaka 2019.

Dosari ya kutungwa

Jambo la mwisho kutajwa lilikuwa uchakavu. Wasanii wa Animal Logic, mjini Sydney, walipotengeneza filamu ya The Lego Movie iliyotoka mwaka 2014, waliyatia matofali yao mikwaruzo, vumbi, alama za vidole na mistari inayoachwa na kalibu. Watazamaji wengi walidhani ni vitu halisi vilivyopigwa picha moja moja. Plastiki safi kupita kiasi ilikuwa imewatia watu shaka kwa miaka mingi. Mkwaruzo ukawaondolea shaka hiyo.

Hapa pana neno la kuangaliwa. Mkwaruzo wa kweli ni ushahidi: wasema kwamba mtoto fulani alilichezea tofali hili. Mkwaruzo wa kompyuta hausemi hivyo, ingawa jicho hulisikia neno lile lile. Aidha, maandishi ya LDraw hayamzuii mtu kuweka matofali mawili mahali pamoja, au kulining'iniza tofali hewani pasipo kitu cha kulishika, au kukitia kipande rangi ambayo haikupata kutolewa kiwandani. Picha itatoka nzuri, na kivuli chake kitakuwa sahihi. Njia ya mwongo ni fupi: siku mtu atakaponunua matofali na kujaribu kujenga, atagundua kwamba aliuziwa maneno. Kwa hiyo mjenzi mwaminifu husema waziwazi kwamba picha yake ni ya kompyuta, na huhakikisha kwamba kila alichokichora chaweza kusimama.

Mwalimu aweza kuyatumia haya darasani bila kompyuta yoyote. Na ampe mwanafunzi mmoja kiberiti, akieleze kwa maneno tu. Na mwanafunzi wa pili, akiwa amempa mgongo, achore anachosikia. Mchoro wa kwanza utakuwa sanduku tupu. Waulizwe kimesahauliwa nini, waanze tena. Watafika kwenye ukingo ulioviringika, kwenye ubavu uliochunika kwa kuwashiwa njiti, na kwenye kivuli kilichoanguka juu ya dawati, wakiongeza kila mara neno moja walilokuwa hawajalitaja.