Picha za Arusi na Seva ya Shirika, Thika na Ruiru
Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ikitegemea setilaiti iliyo ghali, mpiga picha wa Thika au Ruiru mwenye tovuti aliweza kukinai kwa kukodi nafasi katika seva ya shirika, ambamo tovuti nyingi, mithili ya wapangaji wa ploti moja wenye mfereji mmoja, hugawana prosesa, kumbukumbu na diski. Kasi ilipozidi na kamera za dijitali zikiwa zimeenea, arusi moja ya picha 1,000 za megabaiti 5 ilidai gigabaiti 5. Na jamaa wa bwana na bibi arusi wakizifungua kwa wakati mmoja, kurasa huweza kukwama. Hapo huenda ikalazimu kuhamia seva ya peke yake, ambayo gharama zake, na mara nyingi ulinzi na nakala zake za akiba, ni dhima ya mwenye tovuti.