Mfalme, Meza na Hundi: Ukoo wa Neno "Check"

Meza ilikuwa na urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, na ukingo wa kimo cha vidole vinne ulioizunguka ili kitu kilichowekwa juu kisidondoke. Ilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari iliyoachana kiasi cha futi moja au shubiri. Ndivyo Richard FitzNeal, mhazini wa Mfalme Henry II wa Uingereza, alivyoieleza meza ya ofisi yake katika kitabu cha Kilatini alichokiandika miaka ya 1170. Kitabu hicho kinaitwa Dialogus de Scaccario, na scaccarium ni bao la sataranji. Ofisi iliyosimamia mapato ya ufalme mzima ilipewa jina la bao la mchezo, na jina likaganda: mpaka leo waziri wa fedha wa Uingereza huitwa Chancellor of the Exchequer.

Neno "check" la Kiingereza cha kila siku limetoka katika ukoo huohuo. Watu hulitumia kwa mambo ambayo ukiyatazama juujuu hayahusiani hata kidogo: kukagua, kuzuia, hundi ya benki, kitambaa cha mirabaraba, ankara ya mkahawani kwa Wamarekani, na onyo la mchezaji wa sataranji mfalme wa mpinzani anapokuwa hatarini. Ajabu ni kwamba yote hayo ni watoto wa mama mmoja, na hadithi yao tuianzie pale mezani kwa FitzNeal.

Mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba, kila mtawala wa jimbo aliitwa kutoa hesabu. Cheo chake kilikuwa sheriff, na asidhani mtu kwamba ana nasaba na masharifu wetu wa pwani. Maneno hayo yamefanana kwa sauti tu. Aliketi upande mmoja wa meza, wakubwa wa mfalme wakaketi pande nyingine. Kitambaa kiligawanywa safu saba. Safu ya kwanza kutoka kulia ilikuwa ya peni, ya pili ya shilingi, ya tatu ya pauni, kisha pauni ishirini-ishirini, mamia, maelfu, na makumi ya maelfu. Mhesabuji alipanga vidude vya kuhesabia: juu deni analodaiwa sheriff, chini kile alichokwisha kulipa. Halafu akaanza kuondoa, cha chini kikipunguza cha juu, huku kila mtu akiona.

Utaratibu huo ulikuwa na sababu. Namba za Kirumi ni taabu tupu kuzijumlisha, na sifuri ilikuwa bado haijazoeleka Uingereza. Isitoshe, watawala wengi hawakujua kusoma vizuri, lakini kila mtu aliweza kuona safu ya pauni ikibaki na vidude vitatu ambavyo havijalipiwa. Peni 12 zilifanya shilingi, shilingi 20 zikafanya pauni. Wazee wa Afrika Mashariki waliowahi kuhesabu kwa pauni ya shilingi 20 wataelewa kwa nini safu hazikupanda kwa makumi matupu.

Aliyelipa alipewa kijiti. Kilichongwa kwa mbao za mheizeli na kukatwa chanja: chanja ya pauni 1,000 ilikuwa na upana wa kiganja, ya pauni 100 upana wa dole gumba, ya pauni 20 upana wa kidole kidogo, na ya pauni moja kama punje ya shayiri iliyoiva. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, chanja zikabaki pande zote mbili. Mlipaji aliondoka na kipande kirefu, hazina ikabaki na kifupi, na siku ya ubishi vipande viliunganishwa tena. Huwezi kuongeza chanja kwenye kipande chako bila mwenzake kukuumbua. Sidhani kama pamewahi kubuniwa stakabadhi rahisi kuliko hiyo na ngumu kughushi kiasi hicho. Waingereza wenyewe waliing'ang'ania mpaka 1826. Miaka minane baadaye, tarehe 16 Oktoba 1834, waliamua kuvichoma vijiti vya zamani kwenye matanuri yaliyokuwa chini ya Baraza la Malordi. Moto ukazidi kiasi, na kufikia usiku sehemu kubwa ya majengo ya Bunge ilikuwa imeteketea.

Turudi kwa FitzNeal. Alipoulizwa kwa nini ofisi iitwe bao la sataranji, alitoa majibu mawili. La kwanza ni la macho: meza yenye mistari inafanana na bao. La pili ndilo lenye uzito. Alisema kwamba kama vile wafalme wawili wanavyopigana kwenye bao, ndivyo mhazini na sheriff wanavyopigana mezani, mmoja akidai na mwingine akijitetea, waamuzi wakitazama. Kwa maoni yangu hapo ndipo neno hili lilipopata roho yake ya sasa. Ukaguzi wa hesabu, tangu asili yake, ulichukuliwa kuwa pambano la kumbana mtu mpaka akose pa kukimbilia.

Wazo hilo la kubanwa lilitoka mbali. Mchezo ulizaliwa India kwa jina la chaturanga, ukaingia Uajemi, na baada ya Waarabu kuiteka Uajemi katika karne ya 7 ukaenea katika nchi za Kiislamu kwa jina la shatranj, ambalo ndilo sataranji yetu. Mfalme wa Waajemi ni shah. Mchezaji aliyemtia mfalme wa mwenzake hatarini alitamka jina lake, "shah", ili mwenye mfalme ashtuke. Mwisho wa mchezo ulikuwa "shah mat". Kwa muda mrefu watu wameeleza kwamba maana yake ni "mfalme amekufa", kwa Kiarabu kilekile kilichotupa mauti na maiti. Lakini "mat" ya Kiajemi ni kuishiwa nguvu, kuduwaa, kukwama. Na kweli, kwenye sataranji mfalme hauawi kamwe. Mchezo huisha akiwa hai, amezingirwa.

Sataranji ilipofika Ulaya kupitia Hispania na Sisilia, shah ikawa scaccus kwa Kilatini na eschec kwa Kifaransa cha kale. Wafaransa walilipa neno hilo huzuni zaidi: kwao échec ni kushindwa, iwe mtihani au biashara, na mwanafunzi wa Lubumbashi anayesoma kwa Kifaransa analijua vizuri sana. Waingereza walilipokea kwa njia mbili. Wingi wake ukawa "chess", mchezo wenyewe; umoja ukawa "check". Kufikia karne ya 14 neno lilikuwa limetoka kwenye bao na kuwa kizuizi cha jambo lolote. Kutoka kuzuia likaja kudhibiti, na kutoka kudhibiti, mwishoni mwa karne ya 17, likaja kulinganisha kitu na kingine ili kujua kama ni sahihi. Ile x ya Exchequer nayo ni kosa la makarani: walidhani neno lilianza na kiambishi cha Kilatini "ex", wakalitengeneza ambapo halikuharibika.

Hundi ilizaliwa ndani ya maana hiyo ya kulinganisha. Mapema karne ya 18 "check" kilikuwa kipande cha karatasi kinachobaki kwa mtoaji ili kuhakikisha kipande kilichotoka, kama vile vijiti vilivyofanya. Baadaye jina likahamia kwenye kipande kinachotoka. Karatasi za namna hiyo zilikuwapo kabla ya jina: moja inayotajwa sana ni ya tarehe 16 Februari 1659, ya pauni 400, iliyoandikiwa Morris na Clayton wa London. Tahajia ya "cheque" ilitetewa na mwanabenki James William Gilbart katika miaka ya 1820 kwa sababu inafanana na Exchequer. Wamarekani hawakuona haja.

Wako wanaosema hundi ya Ulaya ilipata jina lake kwa sakk ya Kiarabu, hati ya deni ambayo wingi wake ni sukuk. Hoja hiyo inavutia, kwa sababu sakk ilikuwa kitu halisi: katika karne ya 10 msafiri Ibn Hawqal aliandika kwamba aliona Awdaghust, kusini mwa Sahara, hati ya deni la dinari 42,000 la mfanyabiashara wa Sijilmasa. Jambo lenyewe huenda liliwafundisha Wazungu. Jina ni kesi nyingine. Maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa karne kwa karne yanaonyesha njia ya "kuzuia" na "kuhakikisha" bila pengo, na mimi nasimama upande huo.

Watoto wengine wa ukoo hawana makuu. Shati la mirabaraba, ambalo wengi tunaliita shati la drafti, limeitwa kwa sura ya bao. Drafti yenyewe, ile inayochezwa kwa vizibo vya soda chini ya mwembe, kwa Wamarekani ni "checkers". Chequers, nyumba ya mapumziko ya mawaziri wakuu wa Uingereza tangu 1921, huenda iliitwa kwa ajili ya mmiliki wa karne ya 12 aliyekuwa mtumishi wa Exchequer, ingawa wengine wanataja mti wenye jina hilohilo.

Kiswahili kilipata ncha mbili za kamba hii kwa njia tofauti. Shaha, cheo tunachompa malenga mkuu, ni shah wa Uajemi aliyekuja bila kupitia Ulaya. Karatasi ya benki tuliiita hundi, neno la wafanyabiashara wa Kihindi waliotuma fedha kati ya Unguja na Bombay bila kubeba sarafu, ingawa Wakenya wengi husema cheki. Kitenzi ndicho kilichokuja mwisho, kutoka Kiingereza. "Hebu cheki" ni tazama. Lakini kijana anayemwambia mwenzake "nicheki kesho" hataki kukaguliwa. Anataka apigiwe simu au atafutwe, na maana hiyo haikutoka London, ilizaliwa Nairobi na Dar es Salaam.