Swali la Mkunazini

Nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kukabidhiwa ukuu wa chuo cha ualimu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuvuka bahari kwenda Unguja. Nilistaafu nikiwa nimeifundisha Zanzibar kwa chaki tu. Hatimaye wanangu walinichangia nauli, wakaniambia, "Baba, nenda ukatembee." Nikapanda boti Dar es Salaam, na baada ya saa mbili hivi nikaiona bandari ya Malindi inang'aa kwa jua, mashua zimetulia majini, na nyuma yake kuta za Mji Mkongwe.

Nilikuwa mtalii kama watalii wengine, kofia kichwani na chupa ya maji mkononi. Nilisimama mbele ya Beit-al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nikapotea vichochoroni, nikaonyeshwa njia na watoto watokao chuoni. Kisha nikafika Mkunazini, mahali nilipopafundisha kuliko pengine popote.

Kijana aliyetutembeza alikuwa hodari na mwenye adabu. Alinipa shikamoo kwanza, ndipo akawageukia wageni kutoka Ulaya. Alituonyesha kanisa la Waanglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, katika uwanja uliokuwa soko la watumwa. Alitupeleka kwenye sanamu za watu watano waliosimama shimoni, minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs kutoka Sweden. Tukainama tukaingia katika vyumba vya chini ya ardhi, ambamo huelezwa kuwa watumwa walifungiwa humo wakingoja kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaolishuku jambo hilo, kwa kuwa jengo lililo juu ni la wamisheni, la baada ya soko kufungwa. Sikusema kitu. Mwanamke mmoja wa Kizungu alikuwa analia, nami nilikuwa na langu la kufikiri.

Nilimkumbuka mwanachuo wangu mmoja, msichana kutoka Masasi. Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimeandika ubaoni, kama nilivyoandika kila mwaka: "1873, biashara ya utumwa yakomeshwa Zanzibar." Akanyoosha mkono. "Mwalimu, asubuhi ya pili yake wale watu walikwenda wapi?" Darasa likacheka. Nami nikamjibu, "Hilo halimo katika mtihani." Akakaa. Hakuuliza tena muhula ule wote.

Nilimuuliza kijana wetu swali lile lile. Akafikiri kidogo, akasema, "Sijui, mzee wangu. Wageni hawaniulizi hilo." Alinishinda kwa uungwana, maana mimi sikuwa na ujasiri wa kusema sijui.

Ndugu msomaji, tangu nistaafu nimesoma zaidi kuliko nilipokuwa kazini, na jibu naweza kulitoa sasa, ingawa nimechelewa. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, alioukubali Barghash baada ya Waingereza kumtishia kuizingira Unguja kwa manowari, ulifunga masoko na kukataza watumwa kusafirishwa baharini. Haukumwacha huru mtumwa aliyekuwa tayari shambani kwa bwana wake. Huyo aliamka asubuhi ya pili yake akaenda kuchuma karafuu kama jana. Misafara ya bara ilipigwa marufuku mwaka 1876, na magendo yaliendelea hata hivyo. Ni mwaka 1897 ndipo Sultani Hamoud bin Mohammed alipoiondoa hali ya utumwa katika sheria, na hapo pia mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuuomba uhuru wake, aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujilisha. Fidia alipewa bwana. Masuria hawakuhesabiwa katika amri ile. Walingoja hadi mwaka 1909. Kati ya tarehe yangu ya ubaoni na hiyo ya mwisho ipo miaka 36. Mtu aliweza kuzaliwa, kuzaa na kufa humo.

Siku ya pili nilipanda daladala kwenda Mbweni, kusini mwa mji. Hapo wamisheni walinunua shamba mwaka 1871, wakawaweka watu waliokombolewa na manowari kutoka majahazini. Kuna kanisa na magofu ya shule ya wasichana aliyoiongoza Caroline Thackeray tangu mwaka 1877. Wavulana walisomeshwa Kiungani, na wengi wao wakawa walimu. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, aliyeuzwa akiwa mtoto, alipewa upadri mwaka 1890, akafundisha na kuhubiri upande wa kusini, si mbali na Masasi. Mimi niliyeongoza chuo cha ualimu sikujua kuwa kati ya watangulizi wangu katika kazi ile walikuwamo watoto walionunuliwa na kuuzwa.

Na Masasi yenyewe? Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa, wakashukia Lindi, wakaingia bara. Walikusudia kufika upande wa Ziwa Nyasa, nchi walikochukuliwa wengi wao, lakini safari iliishia Masasi. Wakajenga hapo, wakalima, wakazaa.

Nilikaa chini ya mti pale Mbweni nikaliwaza jambo hili mpaka jua likapungua. Baadhi ya wale watu walikwenda Masasi, kwao yule msichana. Nilidhani anauliza swali la udadisi. Huenda alikuwa anauliza habari za bibi wa bibi yake, na huenda jibu alikuwa nalo nyumbani, akitaka tu mwalimu wake alithibitishe mbele ya wenzake. Nikamwambia halimo katika mtihani.

Jioni nilirudi Forodhani, nikanunua mishkaki na maji ya miwa, nikawatazama vijana wakijirusha baharini. Sijui yule mwanachuo yuko wapi leo. Naye yapata ni mwalimu mstaafu. Kama bado anafundisha mahali, hata wajukuu tu barazani, namwomba aandike tarehe zote tatu, 1873, 1897 na 1909. Na mtoto akinyoosha mkono, amwache amalize swali lake.