Kobe, Karel na michezo ya simu



Siku hizi penye mtoto na simu hapakosi mchezo wa kumwongoza roboti: unampangia amri, mbele, mbele, geuka, ruka, kisha unabonyeza uone anafika ama anakwama. Watu hupenda kusema ati michezo hii ni wajukuu wa kobe wa Papert. Mie naona nasaba hiyo ina kasoro, tena si ndogo.

Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928, mzungu wa Afrika Kusini aliyeupinga ubaguzi tangu ujana wake. Alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, bingwa wa kuchunguza namna watoto wanavyofikiri, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na wenzao wakatunga Logo, lugha ya kompyuta ya watoto. Kobe alikuja baadaye: kwanza chombo cha magurudumu kinachotambaa sakafuni, halafu alama tu kwenye skrini, akichora mstari kila anapopita. Nenda hatua 100, geuka nyuzi 90, rudia mara 4, mraba huo! Lakini fumbo halikuwapo. Mtoto akitaka ua, achore ua. Kwa Papert hiyo ndiyo hoja nzima: mtoto aitawale kompyuta, si kompyuta imtawale mtoto. Kitabu chake, Mindstorms, kilitoka 1980.

Mwaka wa pili yake, 1981, Richard Pattis wa Stanford akatoa kitabu juu ya roboti aitwaye Karel. Jina ni la Karel Čapek, Mcheki ambaye tamthilia yake ya 1920 ndiyo iliyoipa dunia neno roboti, kutokana na neno lao la kazi ya shokoa. (Wachambuzi wa maneno ya mkopo, hilo lenu.) Karel anatembea kwenye mitaa iliyonyooka na kila mara ana kazi aliyopewa. Amri zake za asili ni tano tu: songa, geuka kushoto, okota, weka, jizime. Kugeuka kulia hakumo! Mwanafunzi hana budi aitunge mwenyewe amri hiyo: kushoto mara tatu, aipe jina, kisha aitumie kama nyingine. Hapo ndipo ninapoliona fumbo la simu likizaliwa, katika ufukara wa makusudi.

Tazameni Lightbot, aliyoitoa Danny Yaroslavski mwaka 2008 kwa kutumia Flash, ikafika kwenye simu 2013. Roboti anatakiwa awashe vigae vya buluu. Nafasi za amri ni chache, safari ndefu, kwa hiyo hatua zinazojirudia unazifunga kwenye kisanduku cha pembeni na kukiita kila unapokihitaji. Ndo kibwagizo hicho, jamani; mghani akishakitaja mara moja, akiashiria tu watu wanakipokea. Cargo-Bot ya 2012, ya winchi na makasha, ni kali zaidi: amri ya kurudia haina kabisa, mpaka programu ijiite yenyewe.

Faida ya Lightbot siikatai. Amri zake ni michoro, si maneno. Mama yangu hajui Kiingereza, na alipokuja kututembelea huku alicheza kwenye simu yangu jioni nzima, akanipita. Kwa Logo ya Kiingereza asingeanza. Lakini aliniuliza swali moja: "Na mimi nikitaka awashe kile cha kijivu?" Nikamwambia hakiwaki. "Kwa nini?" Kwa sababu mtunzi hakutaka. Akacheka, akanirudishia simu.

Swali hilo ni la Papert, na Karel hana jibu lake. Mchezo wa fumbo unamfundisha mtoto kupanga kwa uangalifu, ila njia na mwisho wake vimeshawekwa na mwingine.

Warithi wa kobe wapo kwingine. Kundi la Mitchel Resnick pale MIT lilitoa Scratch mwaka 2007, na vipande vyake vya amri vimekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili pia. ScratchJr ya 2014, ya kwenye tableti, ni ya wadogo wasiojua kusoma: amri kwa michoro kama Lightbot, lakini paka wake hana kigae anachotakiwa kukifikia.