Mbiru ya Simuni

Ndugu msomaji, kabla ya historia nitaje kwanza deni langu. Nadaiwa shilingi 400,000 na kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama hapa Shighatini, na mdhamini wangu ni bibi yangu mzaa baba. Nilizikopa nikisema nataka kufuga kuku. Kuku wenyewe hadi leo hawajaonekana. Fedha ziliingia simuni, kwenye kile nilichoambiwa ni biashara ya sarafu za mtandaoni, na huko zikayeyuka. Kwa lugha ya mjini, niliingizwa mjini nikiwa nimekaa kijijini kwetu.

Nilipopata nguvu ya kusema, washikaji wa kijiweni walinipoza kwamba haya ni mambo mapya, hata wazee wetu wasingeyajua. Nilikubali, kwa sababu maneno yale yalinipunguzia aibu. Lakini nilipoanza kusoma historia ya milima yetu kwa ajili ya riwaya ninayoiandika, niliona kwamba sivyo. Wazee wetu waliwahi kukutana na jambo la aina hii, nao walikuwa na swali ambalo mimi sikuuliza.

Tuanze na chuma. Hapa Ugweno ukoo wa Washana walikuwa wahunzi, na chuma chao kilifika hadi Uchagani. Jembe lilikuwa la kulimia na pia lilikuwa mali, mtu aliweza kulibadilisha kwa mali nyingine. Aliyelitilia shaka alilishika mkononi, akaupima uzito wake, akaligonga alisikie. Na mambo ya ushirika nayo yalikuwa ya kuonana uso kwa uso. Maji ya ndiva, yale mabwawa yetu ya kukusanyia maji ya mfereji, yalitolewa kwa zamu. Msaragambo ukitangazwa, watu walitoka pamoja kuzibua mfereji au kutengeneza njia, na asiyetokea alijulikana kwa jina. Kukopa na kukusanya kwetu kulijengwa juu ya msingi huo: nakujua, wanijua, na kipimo tunakiona sote.

Sasa njoo kwenye miaka ya mwanzo ya 1940. Serikali ya kikoloni ya Mwingereza na watawala wa jadi walileta kodi mpya juu ya ile ya kawaida. Kila mtu angetozwa kulingana na mali yake. Kodi hiyo wakaiita mbiru. Neno mbiru halikuwa geni Upareni, lilikuwa jina la ushuru wa jadi aliopewa mtawala tangu enzi. Hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Jina la mila lilivishwa kitu kigeni ili watu wakipokee kama ndugu.

Wapare hawakukipokea. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameandika habari zao. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakaenda Same, ambako wakati huo ndiko kulikuwa makao ya wilaya ya Upare nzima, kutaka maelezo. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo. Watu hawa hawakukataa kulipa kodi yoyote ile. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kawaida. Walichouliza ni hiki: mali ya mtu inapimwaje? Nani anayepima, na kwa kipimo gani? Jibu la kueleweka halikupatikana, nao wakaendelea kugoma. Huko Usangi, jirani zetu, wanawake nao waliandamana, wakidai shauri hilo limalizwe ili waume zao warudi nyumbani. Mwishowe, kufikia mwaka 1947, mbiru ya kupimiana ikawa imeachwa.

Bibi yangu alizaliwa baada ya mambo hayo, lakini alisimuliwa na mama yake. Nilikuwa nimemsikia akisimulia tangu utotoni. Nilidhani ni hadithi ya kodi tu.

Huko duniani, miaka 25 kabla ya mgomo wa mbiru, bwana mmoja aitwaye Charles Ponzi alikuwa amekusanya fedha za watu mjini Boston, Marekani. Ilikuwa mwaka 1920. Aliwaahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai anafanya biashara ya kuponi za posta. Ukweli ni kwamba aliwalipa wa mwanzo kwa fedha za waliofuata. Waliofuata walipopungua, mambo yakamwagika hadharani. Hadi leo mchezo huo unaitwa kwa jina lake.

Kwetu Tanzania mchezo huo uliingia kwa jina la DECI, kati ya mwaka 2007 na 2009. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka neno lenyewe lilivyokuwa tamu midomoni mwa wakubwa: kupanda na kuvuna. Hakuna aliyesema anacheza upatu wa kitapeli, watu walisema wamepanda mbegu. Lugha ilikuwa ya kanisani na ya shambani, yaani sehemu mbili ambazo Mtanzania hana mazoea ya kuuliza maswali mengi. Serikali iliusimamisha mchezo huo mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi wake. Wengi waliopanda hawakuvuna.

Mwaka huohuo wa 2009 ndio Bitcoin ilianza kufanya kazi, baada ya mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto kuueleza mpango wake mwaka 2008. Hapa naomba tutende haki. Bitcoin yenyewe si DECI. Ni daftari moja kubwa la hesabu ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani, kila mmoja anaweza kulikagua, na sarafu zake hazitazidi milioni 21. Anayeshika funguo za siri ndiye mwenye mali. Bei yake hupanda na kushuka vibaya sana, lakini daftari lipo. Kwa maneno ya Washana, unaweza kuligonga ukalisikia.

Shida ni wale wanaokuja nyuma yake wakilivaa jina lake. Mwaka 2014 Ruja Ignatova, mwanamke mzaliwa wa Bulgaria, alianzisha OneCoin. Akajaza ukumbi wa Wembley, London, mwaka 2016, na wafuasi akapata hadi kwa jirani zetu Uganda. Daftari la kweli la kukaguliwa hakuwa nalo. Oktoba 2017 alitoweka. Hukohuko Uganda, Desemba 2019, kampuni iitwayo Dunamiscoins ilifunga milango yake, na watu waliokuwa wameweka fedha wakabaki wanatazama kufuli.

Na hata mahali ambapo sarafu ni za kweli, ukopeshaji una mitego yake. Katika dunia hiyo ukitaka mkopo unaweka rehani sarafu zenye thamani kubwa kuliko fedha unazochukua. Bei ikianguka, rehani inauzwa bila kukungoja. Wapo pia wanaopokea sarafu zako ili wazikopeshe kwa wengine, wewe upate riba. Celsius ya Marekani ilifanya hivyo, na Juni 2022 ilizuia wateja kutoa mali zao. Mwezi uliofuata ikaomba ulinzi wa kufilisika. Mkuu wake, Alex Mashinsky, alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2025.

Mimi niliingilia mlango wa kukusanya. Mwaka 2024 vijana wengi tulikuwa tunabonyeza simu mchana na usiku kukusanya sarafu za Hamster Kombat kule Telegram. Kijiweni kulikuwa kimya, vidole tu ndivyo vinafanya kazi. Sarafu zilipogawiwa Septemba mwaka huo, nilichopata hakikutosha hata bando la wiki. Lakini mazoea yalikuwa yameshaingia: nilishaamini kwamba namba inayopanda kwenye kioo ni mali.

Ndipo mwenzangu tuliyesoma naye sekondari akaniunganisha na kundi moja la WhatsApp. Simlaumu, naye alilia kama mimi. Humo tuliitana familia. Kiongozi tulimwita mwalimu. Ukiweka fedha waliita mbegu, ukimleta mtu waliita kumshika ndugu mkono. Niliweka 400,000 zile za akina mama. Ndani ya wiki tatu kioo kilisoma 1,100,000. Nilipotaka kutoa, nikaambiwa nilipe kwanza kodi ya asilimia 15. Nikachukua mkopo kwenye programu ya simu, 150,000, nikalipa. Nikaambiwa bado kuna ada ya kufungulia akaunti. Siku ya pili kundi likafungwa.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Wale wa mkopo wa simu walianza kuwatumia watu ujumbe, majina yote yaliyokuwa kwenye simu yangu, kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Ujumbe ulimfikia hata mzee wetu wa kanisa. Baadaye, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Niliisoma orodha ile taratibu, kama mtu anayesoma majina ya marehemu.

Bibi alinikuta nyuma ya nyumba.

"Mjukuu wangu, hiyo kodi waliyokutoza, waliipimaje?"

"Asilimia 15, bibi."

"Ya nini? Waliiona hiyo mali?"

Sikuwa na jibu. Mali yenyewe haikuwepo, ilikuwa tarakimu. Nilikuwa nimelipia kodi ya ng'ombe asiyezaliwa. Baba wa bibi yangu, mtu asiyemaliza hata darasa la nne, alishuka hadi Same kwa miguu kuuliza kipimo. Mimi mwenye cheti cha sekondari nililipa nikiwa nimelala kitandani.

Sheria nayo ina historia yake, na tuijue. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilionya umma kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa na mabadiliko hayo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Angalia vizuri: kodi hiyo ni ya serikali, na imeandikwa katika sheria ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Hakuna kodi inayodaiwa na "mwalimu" wa WhatsApp.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, ukialikwa kwenye dili lolote la kukopa, kukopesha au kukusanya, chukua swali la mbiru. Faida inatoka wapi? Nani anaipima, na mimi naweza kulikagua daftari? Wasipojibu, panda zako mlima urudi nyumbani. Ukidaiwa fedha ili upewe fedha zako, usitoe hata senti. Funguo zako za siri usimpe mtu, hata akikuita ndugu. Na ukisikia neno unalolipenda, familia, mbegu, kodi, mbiru, lifunue uone limefunika nini.

Kikundi cha akina mama hakikunifukuza. Walikaa kikao, wakanisikiliza mbele ya bibi yangu, wakanipangia kulipa 20,000 kila mwezi. Daftari lao ni la karatasi, lina madoa ya chai, na kila mwanachama anajua kilichoandikwa humo. Nalima vibarua na kuwaandikia watu barua za maombi ya kazi. Nimeshalipa miezi 7. Riwaya yangu imesimama sura ya tatu, mahali ambapo wanaume wanashuka kwenda Same. Nikimaliza deni nitaimaliza na yenyewe.