Jina na Nguo katika Uskoti

Mskoti atakaye kuvaa tartani, yaani nguo ya sufu yenye milia ya rangi ikatanayo, hutafuta kwanza ile ya jina la ukoo wake. Akiikosa, hutafuta ya ukoo wa mama au wa bibi. Desturi hii hudhaniwa kuwa ya kale sana. Historia hushuhudia vingine.

Baada ya vita vya Culloden, mwaka 1746, sheria iliwakataza wanaume wa Nyanda za Juu, isipokuwa askari, kuvaa mavazi yao ya asili. Aliyeasi alifungwa miezi 6. Akirudia, alihamishwa ng'ambo miaka 7. Katazo lilidumu tangu 1747 hata 1782. Lakini katika picha ya vita hivyo iliyochorwa na David Morier, mtu mmoja amevaa milia ya namna mbalimbali. Nguo, basi, haikuwa bado hati ya ukoo.

Jina lilikuja baadaye. Mwaka 1815 chama cha Waskoti wa London kiliwaomba wakuu wa koo vipande vya tartani zao. Baadhi yao hawakuzijua. Wafumaji Wilson wa Bannockburn, waliouza nyingine kwa nambari tu, walizipa majina ya koo. Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, kila mheshimiwa alitaka yake.

Je, achaguaye kwa jina hudanganyika? La, ikiwa ajua achaguacho. Tartani haithibitishi nasaba, hutangaza mapenzi. Na watu ambao vazi lao liliwahi kuwa kosa la jinai wana haki ya kulipenda kwa majina yao.